Habari Zitufuate Zenyewe: Somo la Kusoma na Kutengeneza Milisho ya RSS



Tunawasalimu nyote mlioko Bunia na pande zote za Ituri: ninyi mnaoishi katika kambi, ninyi mliopokelewa na jamaa katika nyumba zao, na ninyi viongozi wa kamati ambao kila jioni mnaulizwa, "Kuna habari gani za nyumbani?" Somo la leo limeandikwa kwa ajili ya swali hilo. Tutajifunza chombo kinachoitwa mlisho wa RSS, jinsi ya kuusoma katika simu ya kawaida yenye intaneti, na jinsi kamati inavyoweza kutengeneza mlisho wake yenyewe.

Somo linaweza kufundishwa kwa siku mbili, saa mbili kila siku. Kinachohitajika ni simu moja au mbili, unite kidogo za intaneti, ubao au karatasi kubwa, na kalamu.

Kwa nini tunajifunza jambo hili

Wahenga walisema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina hekima yake, lakini kwa mtu aliyefukuzwa na vita inaweza kuwa mtego. Fikirini jioni moja kambini. Ujumbe unaingia katika simu ya kijana: "Watu wenye silaha wameonekana karibu na mto, kimbieni." Hakuna anayejua nani ameuandika, wala kama uliandikwa leo au mwaka jana. Familia zinafunga mizigo usiku, wazee wanaachwa nyuma, watoto wanapotea gizani. Kesho yake inajulikana kwamba hapakuwa na kitu.

Lakini kosa la upande wa pili ni baya vilevile. Ujumbe unasema, "Barabara iko salama sasa, watu wameanza kulima." Mama anarudi shambani kwa sababu watoto wana njaa, na hali haikuwa hivyo. Kwa hiyo habari ya uongo inaweza kutufanya tukimbie bila sababu, na inaweza pia kutufanya turudi kabla ya wakati. Zote mbili zinaua.

Watu wa Ituri wanalijua jambo hili kuliko mwalimu yeyote. Katika vita vya 1999 hadi 2003, na tena tangu ghasia zilipoanza upya katika wilaya ya Djugu mwezi Desemba 2017, uvumi umetangulia mbele ya risasi mara nyingi. Katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, uliofika Kivu Kaskazini na Ituri na kuua watu 2,287, maneno kwamba ugonjwa ule ulikuwa biashara tu yaliwafanya wagonjwa wengi wakae mbali na vituo vya matibabu. Majirani zetu wa Rwanda waliona mwaka 1994 jinsi redio moja, RTLM, ilivyowachochea watu kuwaua majirani zao.

Hatusemi kwamba simu ndiyo itakayoleta amani. Tunasema kwamba kiongozi anayejua habari imetoka wapi, na lini, ana nafasi ya kutulia kabla ya kusema.

RSS ni kitu gani?

Zamani mtu aliyetaka habari za masoko mbalimbali alilazimika kwenda soko moja baada ya jingine, na siku nyingine alirudi mikono mitupu kwa sababu hapakuwa na jipya. Sasa fikirini kwamba una mjumbe katika kila soko. Jioni wote wanakuja kwako, kila mmoja anasema: "Mimi nimetoka soko fulani, jambo ni hili, nimelisikia saa fulani, na ukitaka kuliona kwa macho yako njia ni hii." Ukikaa nyumbani unapata habari za masoko yote.

Mlisho wa RSS unafanya kazi hiyo. Ni faili dogo ambalo tovuti ya habari inaliandaa, na kila habari mpya inapotoka inaongezwa humo. Kila habari katika faili ina sehemu chache: kichwa, muhtasari, tarehe na saa ya kutolewa, na kiungo cha kukupeleka kwenye habari kamili. Programu ya kusomea, iliyo katika simu yako, inapita kwenye milisho yote uliyoichagua na kukukusanyia yaliyo mapya mahali pamoja.

Chombo hiki si cha jana. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999 katika kampuni ya Netscape ya Marekani, na toleo linalotumika sana, RSS 2.0, lilitoka mwaka 2002. Herufi RSS ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya usambazaji rahisi sana. Kuna pia ndugu yake anayeitwa Atom, na programu nyingi zinasoma zote mbili bila kukuuliza.

Mlisho una tofauti gani na ujumbe wa kikundi?

Andikeni tofauti hizi ubaoni:

1. Katika kikundi cha simu, ujumbe hupitishwa mkono kwa mkono hadi jina la mwenyewe linapotea. Katika mlisho, kila habari inakuja na jina la chanzo chake.

2. Ujumbe wa zamani ukitumwa tena unaonekana kama mpya. Katika mlisho, tarehe na saa ya kutolewa kwa kawaida vinaonekana pamoja na habari.

3. Katika mitandao ya kijamii, kampuni ndiyo inayochagua utakachokiona kwanza, na mara nyingi chenye kelele ndicho kinachopanda juu. Katika mlisho wewe ndiye unayechagua vyanzo, na habari hupangwa kwa kufuata wakati wake.

4. Mlisho wa maandishi ni mwepesi. Vichwa na mihtasari ya habari mia moja vinaweza kula chini ya mega moja, wakati video moja inaweza kumaliza unite za siku nzima.

Lakini tuseme wazi: mlisho hauthibitishi ukweli. Mwongo naye anaweza kuwa na mlisho. Unachopewa ni jina la msemaji na saa aliyosema. Kupima maneno yake ni kazi yenu.

Sehemu ya kwanza: kusoma milisho

*Hatua ya 1. Chagueni programu.* Kwa simu za Android kuna Feeder, ambayo ni ya bure na haihitaji kufungua akaunti. Kwa simu za iPhone na kompyuta za Apple kuna NetNewsWire, nayo ni ya bure. Wenye kompyuta ofisini wanaweza kutumia Thunderbird, programu ya barua pepe ambayo inasoma milisho pia. Feedly na Inoreader ni huduma za intaneti zenye sehemu ya bure. Ubaya wake ni kwamba orodha yako inakaa kwao, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuifungua katika simu yoyote.

*Hatua ya 2. Chagueni vyanzo vichache.* Vitano vinatosha kuanzia. Tunapendekeza kimoja cha Kiswahili, kwa mfano BBC Swahili. Kimoja cha Kongo, kwa mfano Radio Okapi, iliyoanza kutangaza tarehe 25 Februari 2002. Na ReliefWeb, tovuti ya Umoja wa Mataifa inayokusanya taarifa za mashirika ya misaada, ambako mnaweza kuchagua taarifa za Kongo peke yake. Ongezeni vyanzo viwili ambavyo watu wa jamii zote kambini wanaviamini.

*Hatua ya 3. Tafuteni anwani ya mlisho.* Katika tovuti nyingi kuna alama ndogo ya rangi ya machungwa, yenye nukta moja na mistari miwili iliyopinda kama mawimbi ya redio. Siku hizi tovuti nyingine zimeiondoa alama hiyo ingawa mlisho bado upo. Basi nakilini anwani ya tovuti yenyewe na kuibandika katika programu. Mara nyingi programu inautafuta mlisho yenyewe.

*Hatua ya 4. Tovuti isiyo na mlisho.* Hapa ndipo huduma mpya zinaposaidia. RSS.app hutengeneza mlisho kutoka katika ukurasa usiokuwa nao. RSS-Bridge hufanya kazi hiyohiyo na ni programu ya bure, ila inahitaji mtu mwenye ujuzi wa kuisimika. Kill the Newsletter inakupa anwani ya barua pepe, na barua za shirika zikitumwa huko zinageuka kuwa mlisho. Hata chaneli za YouTube zina milisho yake.

*Hatua ya 5. Punguzeni gharama.* Zimeni upakuaji wa picha. Pangeni programu ichukue habari mara moja asubuhi na mara moja jioni. Ruhusuni ihifadhi habari nzima, ili mzisome mkiwa mmezima intaneti.

*Hatua ya 6. Hifadhini orodha yenu.* Mwaka 2005 kampuni ya Google ilitoa kisomaji cha milisho kilichoitwa Google Reader, na watu wengi wakahamia humo. Tarehe 1 Julai 2013 kikafungwa. Waliokuwa wamehifadhi orodha ya vyanzo vyao katika faili liitwalo OPML walihamia kwingine bila kupoteza kitu. Ninyi mliokimbia mnajua vema thamani ya kutoka na hati zako mkononi. Programu nyingi za milisho zina sehemu ya kutoa faili hilo. Litoeni kila mwezi na kuliweka katika simu mbili tofauti.

Sehemu ya pili: kupima kabla ya kusoma mbele ya watu

Kamati ya habari iwe na watu wanne au watano, wanaume na wanawake, wazee na vijana, na isiwe ya kabila moja. Kama Wahema, Walendu, Waalur, Wabira na wengine wanaishi kambini, wote waone kwamba mtu wanayemwamini yumo. Kamati ikishapata habari inayogusa usalama, ijiulize:

- Nani amesema, na alikuwapo au ameambiwa?
- Tukio limetokea lini? Tarehe ya habari si lazima iwe tarehe ya tukio.
- Je, kuna chanzo cha pili ambacho hakikunakili cha kwanza?

Swali la tatu linahitaji uangalifu. Tovuti tano zikitoa habari moja kwa maneno yaleyale, hicho ni chanzo kimoja kilichonakiliwa mara tano. Hapa mlisho unasaidia sana, kwa kuwa unaonyesha saa ya kila habari: tazameni nani alitangulia, mwende kwake. Kisha pigeni simu kwa mtu mnayemjua katika eneo lenyewe, kama chifu, muuguzi au mwalimu, mkihakikisha kwamba simu hiyo haimweki katika hatari.

Baada ya kupima, kamati iweke habari katika fungu moja kati ya matatu: imethibitishwa, inachunguzwa, au si kweli. Msiogope kusema "inachunguzwa". Watu wanaweza kuvumilia kungoja kama wanajua kwamba mtu anatafuta jibu, lakini ukimya unajazwa na uvumi. Hata hivyo, dalili za hatari zikiwa karibu na dhahiri, msingoje chanzo cha pili ndipo muwaondoe watu. Fuateni mpango wa usalama wa kambi.

Kenya imetupa mfano mzuri. Baada ya mapigano ya Tana Delta ya 2012 na 2013, shirika la Sentinel Project la Kanada lilianzisha huko kazi iliyoitwa Una Hakika. Wanakijiji walituma uvumi waliousikia kwa simu ya kawaida, timu ikauchunguza, kisha ikawarudishia jibu. Jambo la kujifunza ni kwamba watu walipata mahali pa kuuliza kabla ya kutenda. Kuuliza si ujinga.

Sehemu ya tatu: kutengeneza mlisho wenu

Kambi ina habari ambazo hakuna redio itakayozitafuta: siku ya chanjo, maji yaliyochafuka, mtoto aliyeokotwa na anayetafuta wazazi, majibu ya uvumi wa jana. Kamati inaweza kuzitoa yenyewe.

Njia rahisi ni kufungua tovuti ndogo ya bure katika WordPress.com au Blogger. Huna haja ya kujua lugha ya kompyuta. Kila habari unayoitoa, tovuti inaiongeza katika mlisho yenyewe. Kwa WordPress, chukua anwani ya tovuti na uongeze mwishoni /feed/. Kwa Blogger, ongeza /feeds/posts/default. Anwani hiyo ndiyo mtakayowapa wasomaji: kamati za kambi nyingine, redio za Bunia, mashirika, na ndugu walioko Kampala au Ulaya.

Kila habari iandikwe hivi: kichwa kiseme jambo, mahali na siku, mstari wa kwanza useme fungu lake, yaani imethibitishwa, inachunguzwa au si kweli, kisha maelezo mafupi, mwishoni tarehe na saa. Msiandike kichwa cha kutisha ili watu wafungue.

Kuna jambo moja ambalo lazima lieleweke kabla ya kubonyeza kitufe cha kutoa. Habari ikishatoka katika mlisho, programu za wasomaji zinaichukua na kuihifadhi. Ukiifuta katika tovuti yako, nakala inabaki katika simu zao. Neno likishatoka halirudi. Kwa hiyo, mkikosea, msifute kimyakimya. Toeni habari mpya inayoanza na neno SAHIHISHO, mseme kosa lilikuwa nini na ukweli ni upi. Kamati inayokiri kosa lake itaaminiwa zaidi siku ya hatari.

*Kwa wasiosoma.* Mlisho unaweza kubeba sauti. Vipindi vya sauti ambavyo watu huviita podikasti vinasafiri kwa RSS ileile, na programu ya bure ya AntennaPod inavipakua ili visikilizwe bila intaneti. Rekodini dakika tatu kwa Kiswahili, kisha mtu mwingine aseme maneno yaleyale kwa Kilendu, Kihema, Kialur au lugha nyingine ya watu wenu. Bibi asiyeona herufi anayo haki sawa ya kujua kama njia imefungwa.

Mambo yasiyotolewa kamwe

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, kambi ya Plaine Savo katika wilaya ya Djugu ilishambuliwa na watu karibu 60 wakauawa. Tunaikumbuka kwa huzuni, na tunawakumbusha kwamba mlisho wenu utasomwa na kila mtu, hata asiyewatakia mema. Kwa hiyo msitoe:

- majina, picha za nyuso au namba za simu za waliohamishwa, hasa watoto na waliodhulumiwa;
- jina la aliyewaletea habari za usalama;
- siku, saa na njia ambayo watu watapita kwenda shambani au kurudi kijijini;
- siku ya ugawaji wa chakula au fedha, mpaka wagawaji wenyewe wamekubali;
- mahali walipo askari au walinzi;
- maneno yanayolitupia kabila zima kosa la watu wachache.

Habari za mtoto anayetafuta wazazi zipelekwe kwanza kwa Msalaba Mwekundu au kwa wahusika wa ulinzi wa watoto. Wao ndio watakaosema ni kipi kinaweza kutangazwa.

Mtandao ukikatika

Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa Kongo kwa karibu wiki tatu. Aliyekuwa na simu peke yake alibaki gizani. Kwa hiyo msiiache redio, wala ubao wa matangazo penye bomba la maji, wala mjumbe wa kwenda kwa miguu. Mlisho ni mguu mmoja wa kigoda. Kigoda cha mguu mmoja hakikaliki.

Zoezi

Gawanyikeni katika vikundi vitatu. Kila kikundi kipewe uvumi mmoja wa kubuni, usiotaja kabila wala kijiji cha kweli. Kipime kwa maswali matatu ya sehemu ya pili, kiuweke katika fungu lake, kisha kiandike habari ya mistari mitano kwa ajili ya mlisho. Vikundi vibadilishane karatasi na kila kimoja kitafute katika kazi ya mwenzake neno lolote linaloweza kumdhuru mtu.

Maswali ya kujadili

1. Ni lini mara ya mwisho habari ya uongo ilipotufanya tukimbie, au turudi? Nani angeweza kuizuia, na alikosa nini?
2. Ni chanzo gani ambacho watu wa jamii zote kambini mwetu wanakiamini? Kama hakipo, tufanye nini?
3. Wanawake wanapata habari wapi? Je, kamati inafika huko?
4. Nani atalipia unite, na tutafanyaje ili anayelipa asiamue la kutangazwa?

Ndugu zetu, tunajua kwamba wengi wenu mmechoka kusikia habari za maskani yenu kutoka kwa watu wengine. Anzeni kidogo: simu moja, vyanzo vitano, watu watano wanaoaminika. Jioni mtu akiuliza kuna habari gani za nyumbani, muweze kumjibu bila kumdanganya, na pale msipojua, muweze kumwambia, "Bado tunachunguza, njoo kesho asubuhi." Jibu hilo linaweza kumfanya mama alale pale alipo usiku huo, na watoto wake wakiwa karibu naye.

Amani iwe nanyi.